Kwadi ya Pili, Gia za Mguu: Mwongozo Kamili wa Kuchagua kwa Wenye Mashamba Dar es Salaam

Malalamiko yanayonifikia kutoka Kigamboni, Bunju na Chanika yanafanana. Mtu ana kwadi moja (pikipiki ya magurudumu manne) ya otomatiki na ameizoea. Kazi za shamba zimeongezeka, anaamua kununua ya pili yenye gia za mguu kwa sababu ameambiwa ni ngumu na haina mkanda wa kukatika. Anauliza CC, anauliza bei, analipa. Haupiti muda kwadi imeegeshwa chini ya mwembe: kijana wa shamba haiwezi, rivasi haishiki, au gia ya kwanza ina mbio kiasi kwamba trela la nazi likizama mchangani klachi inaanza kunuka.

Kwadi ya kazi huchaguliwa kwa gia ya kwanza na rivasi, kisha kwa klachi. Ukubwa wa injini ni swali la nne au la tano. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, maana wengi wanaokwama wameanzia hatua ya nane, wakalipa, ndipo wakarudi ya pili.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kwenda kuangalia

- Tochi ya kichwani na kitambaa cheupe kisicho na mafuta.
- Geji ya upepo inayosoma chini ya psi 10. Geji ya gari haifai hapa.
- Mita ya umeme ya kupimia betri.
- Jeki ndogo au magogo mawili ya kunyanyulia magurudumu.
- Futi ya kupimia na rula ya milimita.
- Mifuko minne ya mchanga na kamba nzuri. Trela lako mwenyewe likipatikana, bora zaidi.
- Kofia ngumu, glovu na viatu vya kufunika kifundo cha mguu.
- Mtu atakayeiendesha kila siku. Usimwache nyumbani.

Muuzaji akikataa kwadi kujaribiwa na mzigo, okoa muda wako na uende kwingine.

## Hatua ya 1: Andika kazi inayoishinda kwadi ya kwanza

Kwadi ya pili ipo kwa ajili ya kazi ambazo ya kwanza haiziwezi. Chukua karatasi, andika kazi tatu zinazokutesa. Kwa wengi wa huku ni hizi: kuvuta trela kwenye mchanga wa Kimbiji, kushuka mteremko ukiwa na mzigo, na kupita maji yaliyotuama wakati wa masika.

Otomatiki nyingi hupeleka nguvu kwa mkanda wa mpira unaobana kati ya puli mbili. Maji yakiingia kwenye kasha la mkanda, mkanda unateleza na kwadi inasimama huku injini ikinguruma. Ukiburuta mzigo mzito polepole, mkanda unapata moto na kulika. Gia za mguu hazina mkanda huo: meno yanashikana na meno, na klachi inaogelea kwenye oili ya injini.

Lakini kama kazi yako ni safari fupi fupi, kusimama kila baada ya mita hamsini, na waendeshaji wanaobadilika kila siku, nunua otomatiki nyingine. Gia za mguu zitakuchosha na klachi haitadumu.

Dalili kwamba umefaulu: unaweza kuitaja kwa sentensi moja kazi ambayo kwadi hii inaletwa kuifanya.

## Hatua ya 2: Ijue klachi kabla hujajua bei

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Muuzaji anasema "gia tano, bosi", na mnunuzi anadhani kwadi zote za gia ni moja. Ziko aina tatu, na kwa kazi ya shamba tofauti yake ni kubwa.

Isiyo na mkono wa klachi. Unakanyaga pedali kwa mguu wa kushoto, gia inaingia. Ndani mna klachi mbili. Moja hushika yenyewe injini inapoongeza mzunguko. Nyingine huachia kila unapogusa pedali ya gia. Honda Recon na Honda Rancher za gia za mguu ziko hivi, pamoja na Suzuki KingQuad 400FS, Yamaha Big Bear 400 na Kawasaki Bayou. Hii ndiyo ya shambani. Ukisimama ghafla ndani ya gia, injini haizimi.

Yenye mkono wa klachi upande wa kushoto wa usukani, kama pikipiki ya bodaboda. Kwadi za mbio kama Yamaha Raptor 700 ni za aina hii, na vilevile nyingi za bei nafuu za CC 200 na 250 kutoka China. Kijana aliyezoea bodaboda ataifurahia, ila kuanza kuvuta trela mchangani kunamlazimu kuishika klachi nusu kwa muda mrefu, na klachi ya namna hiyo haikuundwa kwa mateso hayo.

Ya vitufe. Gia ni zilezile za kundi la kwanza, ila mota ndogo ya umeme ndiyo inayozibadilisha ukibonyeza kitufe cha kupanda au kushuka. Ni nzuri ikiwa mpya. Tatizo ni chumvi ya pwani, ambayo hula viunganishi vya nyaya, na betri ikichoka gia nazo zinagoma.

Kwa Honda, soma herufi za mwisho za jina la modeli. TRX420TM na TRX420FM ni za mguu. TRX420TE na TRX420FE ni za vitufe. T ni ya kuvuta kwa magurudumu mawili, F ni ya manne. Ukiona A mahali pa M, hiyo ni otomatiki. Lisome jina kwenye kadi na kwenye hati, usitegemee stika za plastiki, maana stika zinauzwa Kariakoo kama karanga.

Dalili: umegusa usukani wa kushoto, umeona mkono mmoja tu ulioko pale ni wa breki, na pedali ya gia iko chini ya mguu wa kushoto.

## Hatua ya 3: Pima gia ya kwanza na rivasi

Washa injini, iache ipate moto, weka gia ya kwanza, gusa mafuta kidogo tu. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida aweze kwenda sambamba na kwadi bila kukimbia, na injini isitetemeke kama inayotaka kuzimika. Ikimwacha mtu nyuma, hiyo gia ni ya kukimbilia. Itakuangusha kwenye mchanga.

Rancher ina gia ya kwanza fupi sana, iliyowekwa kwa ajili ya kuvuta, na unaweza kuanzia ya pili usipokuwa na mzigo. KingQuad 400FS ina mkono wa ziada unaozishusha gia zote kwa pamoja. Kwa mwenye vilima vya Pugu na Kisarawe hilo ni jambo kubwa.

Sasa rivasi. Kwenye Honda unasimama kabisa, unaweka huru, unabana breki ya nyuma huku ukibonyeza kitufe kilicho kwenye mkono wake, kisha unakanyaga pedali chini. Jaribu mara kadhaa. Rivasi inayoruka, au inayoingia kwa mlio wa chuma kusagana, ni dalili ya meno yaliyolika au uma wa gia uliopinda, na kuifikia ni kupasua injini nzima.

Onyo: kuna kwadi za CC 200 zisizo na rivasi kabisa. Huwezi kuirudisha nyuma kwa mikono kwadi ya kilo 200 iliyofungwa trela.

## Hatua ya 4: Shafti, na sababu za kuikimbia cheni

Kwa mtu wa pwani sina maneno mengi hapa: chukua shafti. Cheni iliyo wazi inayopita mchangani kila siku huwa na ungaunga wa mchanga na grisi unaosaga sproketi kama tupa. Shafti imefungwa ndani ya kasha lake pamoja na difu, inahitaji oili tu.

Magurudumu mawili au manne? Kwenye mchanga tambarare na barabara za vumbi, mawili yanatosha. Rancher na Recon za magurudumu mawili zina ekseli ya nyuma iliyo kipande kimoja, kwa hiyo tairi zote mbili za nyuma husukuma pamoja. Kwa mfinyanzi mweusi wa mabondeni wakati wa masika, lipia manne.

## Hatua ya 5: Uliza spea kabla ya kuuliza punguzo

Andika vitu vitano: pleti za klachi, chujio la oili, pedi au viatu vya breki, buti za mpira za ekseli, na beringi za magurudumu. Nenda navyo Kariakoo na Gerezani, ukiwa na jina kamili la modeli na picha ya kibao cha chasi.

Beringi utazipata karibu kila mahali, kwa sababu zinauzwa kwa namba iliyochongwa pembeni. Chujio nalo si shida kubwa. Pleti za klachi ndizo kipimo. Ukiambiwa "tutaagiza", uliza zitachukua muda gani, ukaongeze gharama ya seti moja kwenye bei ya kwadi kichwani mwako. Fundi anayekwambia atakuchongea pleti kutoka kwenye pleti za bodaboda, mshukuru na uondoke.

Pima pia mpira wa kuvutia trela, yaani lile tufe la chuma linaloingia kwenye kichwa cha trela. Kuna wa milimita 50 na kuna wa inchi 2, ambao ni milimita 50.8. Kwa macho ni kitu kimoja, lakini kichwa cha trela cha milimita 50 kinaweza kukwama juu ya mpira wa inchi 2. Kwadi zako mbili zitumie mpira wa kipimo kimoja, trela lihame bila ugomvi.

## Hatua ya 6: Ukaguzi injini ikiwa baridi

Fika bila kutarajiwa, au omba isiwashwe kabla hujafika. Weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, kuna kitu kilichofichwa kwenye kuwasha.

Oili. Chomoa kijiti, kipanguse kwenye kitambaa cheupe. Nyeusi ni ya kawaida. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Fungua na boliti ya oili ya difu ya nyuma, sehemu ambayo watu wengi hawaijui kabisa. Maziwa yakionekana hapo, kwadi ilizamishwa mtoni au baharini na haikuhudumiwa.

Fremu. Lala chini na tochi. Angalia chini ya sehemu za kuwekea miguu, mwisho wa mkono wa nyuma unaobeba ekseli, na pale kifungio cha trela kinapoungana na fremu. Kutu ya juu juu inasuguliwa. Kutu inayomeguka kwa bisibisi, au mstari wa kuchomelea uliopakwa rangi mpya nyeusi wakati fremu nyingine imepauka, ni mambo mawili yanayotosha kukurudisha nyumbani.

Magurudumu. Nyanyua nyuma kwa jeki, shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Mchezo ukiusikia kiganjani, beringi zimekwisha. Zungusha kwa mkono na usikilize: mkwaruzo mkavu ni chumvi ndani ya breki.

Betri. Injini ikiwa imezimwa, betri yenye afya inasoma kama volti 12.6. Ikiwa inawaka na imeongezewa mzunguko kidogo, isogee karibu na 14. Isiposogea, chaji ina hitilafu.

Pedali ya gia. Itikise kwa mkono. Ikiyumba sana kwenye mhimili wake, meno ya pedali yamelika na mtu amekuwa akikaza boliti tu.

## Hatua ya 7: Jaribio la mzigo

Hii ndiyo hatua inayoamua, na ndiyo wauzaji wasiyoipenda. Tafuta mahali pa mchanga laini na pawe na mteremko mfupi. Funga mifuko ya mchanga kwenye rafu ya nyuma au kwenye trela. Heshimu kipimo cha mtengenezaji: Rancher 420 kwa mfano inabeba kilo 30 mbele na 60 nyuma.

Kwanza, simama ndani ya gia ya kwanza bila kugusa mafuta. Kwadi itulie. Ikitambaa yenyewe wakati mzunguko wa chini uko sawa, klachi ya kwanza inashika wakati haitakiwi.

Pili, ukiwa unatembea polepole, badilisha gia. Achia mafuta, kanyaga, achia pedali, ongeza mafuta. Gia iingie kwa mlio mmoja mfupi, na kiti kisikurushe. Ikiruka mbele kila mara, huenda klachi ya kubadilishia imetoka kwenye kipimo. Hilo linarekebishika kwa skrubu na nati yake iliyo mbele ya kasha la klachi, kwa hiyo litumie kupunguza bei, usiikimbie kwadi kwa ajili hiyo.

Tatu, panda mchangani na mzigo. Gia ya tatu, fungua mafuta. Injini ikipandisha sauti lakini mwendo haupandi na tairi hazichimbi, klachi inateleza. Hapo unahesabu pleti mpya, au unaachana nayo.

Nne, shuka mteremko ndani ya gia ya pili bila mafuta wala breki. Unapaswa kuhisi injini ikikushika kiunoni. Kwadi ikiteremka kama iko huru, kile kipande cha ndani ya klachi kinachoshika upande mmoja kimekufa, na umepoteza sababu kubwa ya kununua gia za mguu.

Onyo la kwanza: usikanyage pedali ukaishikilia huku ukifungua mafuta, kisha ukaiachia ghafla. Klachi hushika kwa kishindo na mbele inanyanyuka.

Onyo la pili: usivute kitu kwa kamba iliyofungwa kwenye rafu. Kamba ikiwa juu ya ekseli, mzigo ukikwama kwadi inapinduka kinyumenyume juu ya mwendeshaji. Vuta kwenye kifungio cha chini peke yake.

Dalili: mtu uliyekuja naye amefanya yote manne, mzigo ukiwa umefungwa, na hakuna harufu ya kuungua ulipoinama karibu na injini.

## Hatua ya 8: Karatasi

Linganisha namba ya chasi iliyogongwa kwenye fremu na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Piga picha. Namba iliyosuguliwa haina maelezo yanayokubalika, hata muuzaji awe rafiki wa shemeji yako.

Iliyosajiliwa inahitaji kadi halisi, mkataba wa mauziano na TIN zenu wote wawili, na uhamisho upitie TRA. Ambayo haijasajiliwa iwe na hati za forodha zinazoonyesha kodi imelipwa. Ukiagiza mwenyewe kupitia bandarini, tumia wakala wa forodha mwenye leseni, na upate makadirio ya kodi kabla kwadi haijapakiwa melini.

Itakayogusa barabara ya umma, hata kwa kuvuka tu kwenda kivuko cha Magogoni, inahitaji usajili, bima, na mwendeshaji mwenye leseni ya daraja lake. Daraja A2 ndilo la pikipiki za magurudumu matatu na manne.

## Hatua ya 9: Wiki ya kwanza nyumbani

Mwaga oili zote, ya injini na ya difu. Kwenye injini weka oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya ndani ya oili. Nyingi za oili za gari za kuokoa mafuta zina vilainishi vinavyofanya klachi ya ndani ya oili iteleze.

Tairi za kwadi hizi zinataka karibu psi 3 hadi 5. Soma kibao kilichobandikwa kwenye kwadi yenyewe. Fundi wa tairi wa mtaani akiachiwa peke yake atajaza 30 kama ya Noah, na kwadi itadunda, itakosa mshiko, na tairi inaweza kupasuka. Jaza wewe, kwa geji yako.

Baada ya kila safari ya ufukweni, osha kwa maji baridi chini ya fremu na nyuma ya breki, bila kuelekeza mpira wa maji wenye kasi kwenye beringi.

Halafu mfundishe kijana. Kiti ni cha mtu mmoja, wala kwadi ya ukubwa huu si ya mtoto aliye chini ya miaka 16. Mwanzoni afanye mazoezi bila trela: kusimama kabisa kabla ya rivasi, kushusha gia moja moja kabla ya mteremko, kuachia mafuta kila anapokanyaga. Mwangalie kidole gumba cha mkono wa kulia, ndicho kinachobonyeza mafuta. Wanafunzi wengi wanakisahau pale pale wakati mguu unafanya kazi. Akiweza kushuka mteremko na trela tupu kwa gia ya pili bila kuibana breki, mkabidhi funguo. Kabla ya hapo zikae mfukoni mwako.